Saa ya Dijitali ya Michezo: Kutoka Dhahabu hadi Plastiki

Saa ya dijitali ya michezo ni saa ya mkono inayoonyesha wakati kwa tarakimu badala ya mishale, yenye kipima muda, kengele na taa, na kasha linalostahimili jasho na vumbi. Inayojulikana zaidi kati ya zile za bei nafuu ni Casio F-91W. Ina uzito wa gramu 21, unene wa milimita 8.5, vitufe vitatu, na betri moja bapa inayodumu takriban miaka saba. Kasha ni la plastiki, mkanda ni wa plastiki. Hata hivyo saa hii hutunza wakati vizuri kuliko saa nyingi za mitambo ambazo bei yake inatosha kununua gari. Sababu ya jambo hilo imo katika historia ya saa ya mkono yenyewe.

Kwa muda mrefu mwanamume aliyemiliki saa aliitia mfukoni, ikining'inia kwenye mnyororo. Saa ya kufunga mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mnamo 1904 Louis Cartier alimtengenezea Alberto Santos-Dumont, rubani Mbrazili aliyeishi Paris, saa ya mkanda ili aweze kuutazama wakati bila kuachia usukani wa chombo chake. Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyokata shauri. Askari aliyekuwa handakini akisubiri dakika ya kushambulia hakuwa na nafasi ya kupekua mifuko, na waliorudi kutoka vitani walirudi na saa zikiwa mikononi.

Saa hizo zote ziliendeshwa na kamani. Mwenye saa aliitia ufunguo, kamani ikakaza, kisha ikawa inalegea polepole na kusukuma magurudumu yenye meno. Kasi ya kulegea huko ilidhibitiwa na gurudumu dogo linalocheza kwenda na kurudi, mara tano hadi nane kwa sekunde. Sauti ya ti-ti-ti inayosikika saa ikiwekwa sikioni ni ya gurudumu hilo likipokea msukumo. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na fundi saa anayeweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha sawasawa anastahili heshima yake. Lakini mtambo huo una maadui wengi: joto hutanua chuma, mafuta hukauka, mshtuko hupindisha mihimili, na hata namna saa inavyolazwa usiku hubadilisha mwendo wake. Taasisi ya Uswisi inayopima saa bora za mitambo, COSC, huipa hati saa ambayo kwa wastani haichelewi zaidi ya sekunde 4 wala kuwahi zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Kwa mwezi, saa yenye hati hiyo inaweza kuwahi hadi dakika tatu.

Umeme uliingia kwenye saa ya mkono mwaka 1957, kampuni ya Hamilton ya Marekani ilipouza saa iliyotumia betri badala ya kamani. Miaka mitatu baadaye Bulova walitoa Accutron, ambayo kipima mwendo chake kilikuwa uma mdogo wa chuma unaotetemeka mara 360 kwa sekunde. Accutron haikulia ti-ti-ti. Ilivuma kama nyuki. Ilionyesha jambo moja kubwa: kadiri kipima mwendo kinavyotetemeka haraka, ndivyo saa inavyokuwa sahihi zaidi.

Kitu kinachotetemeka haraka kuliko uma huo kilikuwa kinajulikana tangu karne ya 19. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: kipande cha fuwele ya kwatzi kikipitishiwa umeme hutetemeka, tena kwa kasi isiyoyumba. Mwaka 1927 Warren Marrison, katika maabara za Bell huko Marekani, alishiriki kutengeneza saa ya kwanza ya kwatzi. Ilikuwa mtambo mkubwa wa kukaa maabara. Kazi iliyobaki ilikuwa kuipunguza hadi ienee mkononi, na iliwachukua wahandisi zaidi ya miaka 40. Siku ya Krismasi ya 1969, kampuni ya Seiko iliweka sokoni mjini Tokyo saa ya mkono iitwayo Astron, katika kasha la dhahabu, kwa yeni 450,000, bei iliyolingana na ya gari dogo jipya.

Astron ilikuwa bado na mishale, ila ndani yake msingi wa saa ya tarakimu ulikuwa umekwisha kupatikana. Baadaye watengenezaji wengi walikubaliana kuikata fuwele katika umbo la uma mdogo mno unaotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu. Ukiigawa kwa mbili unapata 16,384, ukigawa tena 8,192, na ukiendelea hivyo mara 15 unaishia kwenye moja: tetemo moja kwa sekunde moja. Kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa chipu ya kielektroniki. Usahihi ambao mafundi walikuwa wakiutafuta kwa patasi na darubini sasa ulipatikana kwa hesabu ya kugawanya, na hesabu haikauki mafuta wala haipindi.

Saa ya kwanza ya mkono ya kielektroniki isiyo na mishale iliuzwa Aprili 1972, nayo ni Pulsar ya Hamilton. Ilikuwa ya dhahabu ya karati 18 na bei yake ilikuwa dola 2,100. Tarakimu zake ziliwaka kwa rangi nyekundu, zikitolewa na diodi za mwanga, lakini diodi hizo zilikula umeme kiasi kwamba hazikuweza kuachwa zikiwaka. Mwenye saa alilazimika kubonyeza kitufe, tarakimu zikatokea kwa muda mfupi, kisha kioo kikawa cheusi tena. Maana yake ni kwamba ili kujua wakati mtu alihitaji mikono miwili, kasoro ile ile ya saa ya mfukoni ambayo Santos-Dumont aliikimbia. Bei nayo haikusimama. Mwaka 1976 Texas Instruments, waliokuwa wakitengeneza chipu zao wenyewe, waliuza saa ya plastiki ya namna hiyo kwa dola 20, na mwaka uliofuata bei ikashuka hadi dola 10. Pulsar haikuweza kushindana, na hatimaye jina lake likanunuliwa na Seiko.

Kilichoiondoa diodi mkononi ni fuwele kioevu. Kioo chake hakitoi mwanga wowote. Pale umeme unapopita, fuwele hujipanga upya na kuzuia nuru, na sehemu hiyo huonekana nyeusi. Kila tarakimu huundwa kwa vipande saba: vyote vikizibwa hutokea 8, vitatu vikizibwa hutokea 7. Kwa kuwa nuru ni ya jua au ya taa ya chumbani, betri haina kazi kubwa, na wakati unaonekana mchana kutwa bila kubonyeza chochote. Seiko walitoa saa ya aina hii yenye tarakimu sita mwaka 1973. Novemba 1974 ikafuata Casiotron, saa ya kwanza ya Casio, kampuni iliyokuwa imejijengea jina kwa vikokotoo. Kwa watu wa vikokotoo, saa haikuwa kito wala urithi. Ilikuwa mashine inayojumlisha moja kila sekunde. Ndiyo maana Casiotron ilijua yenyewe mwezi upi una siku 30 na upi una 31. Mtazamo huo ndio ulioizaa saa ya bei nafuu.

Uswisi uliumia. Watu wapatao 90,000 walifanya kazi katika viwanda vya saa vya nchi hiyo mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya 30,000. Jibu lao lililofaulu, Swatch ya 1983, nalo lilikuwa la plastiki na kwatzi.

Hadi hapo saa ya tarakimu ilikuwa sahihi na rahisi, lakini ikiogopa kuanguka. Kikuo Ibe, mhandisi wa Casio, alipoteza saa aliyopewa na baba yake baada ya kumtoka mkononi na kuvunjika sakafuni. Mwaka 1981 alianza kutafuta saa isiyovunjika. Lengo lilikuwa la makumi matatu: ihimili kuanguka kutoka mita 10, ihimili shinikizo la maji la baa 10, na betri idumu miaka 10. Ibe alikuwa akiangusha sampuli zake kutoka dirisha la choo cha ghorofa ya tatu cha kituo cha utafiti, kisha anashuka kuziokota. Alipoimarisha kipande kimoja, kingine kilivunjika. Kioo kikipona, fuwele inakatika. Sampuli zilifika takriban 200. Suluhisho alilipata bustanini, alipomwona mtoto akidundisha mpira: kitovu cha mpira hakiguswi na mdundo hata mpira ukipigwa chini kwa nguvu namna gani. Akautenga mtambo na kasha, ukawa umeshikiliwa na nukta chache laini tu, kana kwamba unaelea. Saa hiyo, G-Shock DW-5000C, iliingia sokoni Aprili 1983.

Wanariadha walihitaji kitu kingine pia: namba. Mashindano makubwa yalikuwa yamezoea vipimo vidogo sana. Kwenye Olimpiki ya Munich ya 1972, Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani katika kuogelea mita 400 mchanganyiko kwa sekunde 0.002, na baada ya hapo ikaamuliwa kwamba mshindi asitenganishwe kwa chini ya sehemu ya mia ya sekunde, kwani hata njia za bwawa hazijengwi kwa ulinganifu wa kiasi hicho. Saa za bei nafuu za miaka ya 1980 zilileta sehemu hizo za mia hadi mkononi mwa mtoto wa shule. Inafaa kusema wazi kwamba kidole cha binadamu huchelewa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, hivyo tarakimu ya mwisho kwenye saa inayobonyezwa kwa mkono haina uzito. Kanuni za riadha zinalijua hilo, na muda wa mkono uwanjani hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata. Timex Ironman, iliyotoka 1986 kwa jina la mashindano ya trayathloni ya Hawaii, iliongeza kumbukumbu ya muda wa kila mzunguko. Kwa mkimbiaji hilo lina faida kubwa kuliko sehemu za mia, kwa sababu humwonyesha ni mzunguko upi alioharakisha kupita kiasi.

F-91W ilitoka mwaka 1989. Aliyeisanifu ni Ryusuke Moriai, na inaelezwa kuwa ndiyo kazi yake ya kwanza Casio. Kitufe cha chini kushoto hubadilisha kazi, cha juu kushoto huwasha taa ndogo, na cha kulia huanzisha na kusimamisha kipima muda. Kitufe hicho cha kulia kikishikiliwa sekunde tatu, kwenye kioo hutokea neno CASIo, alama wanayoitumia wanunuzi kuitenga halisi na feki. Mtengenezaji huahidi kuwa haitapotoka zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, kiasi ambacho ni moja ya sita ya kile kinachoruhusiwa kwa saa ya mitambo yenye hati ya COSC. Mipaka yake ni ya kweli pia. Haina kipima muda kinachohesabu kurudi nyuma. Kipima muda chake kikifika dakika 59 na sekunde 59.99 huanza tena sifuri, jambo linalomkera mkimbiaji wa marathoni. Na maneno ya kustahimili maji yaliyo usoni yanahusu mvua na kunawa, si kuogelea. Wala haitunzi mwaka, kwa hiyo kila Februari kwake ina siku 28. Bei yake ndogo na kengele yake viliwavutia hata watu wabaya: nyaraka za gereza la Marekani la Guantánamo zilizovuja 2011 zilionyesha kuwa kukutwa na saa hii kulichukuliwa kuwa dalili ya kushukiwa. Huo ulikuwa ushahidi dhaifu, kwa kitu kinachovaliwa na walimu, wakulima na wanafunzi duniani kote.

Kwa msemaji wa Kiswahili, tarakimu zilibadilisha hata namna ya kusoma wakati. Hesabu ya Waswahili huanza jua linapochomoza, na kwenye saa ya mishale kuna njia ya mkato: mshale mfupi ukielekea 7, upande wa pili, mkabala nao, pana 1, nayo ndiyo saa moja. Saa ya tarakimu haina upande wa pili. Ikionyesha 7:00 msomaji huondoa sita kichwani. Ikionyesha 19:00 huondoa sita, kisha kumi na mbili, na bado hupata saa moja, safari hii ya usiku. Wengi hufanya hesabu hiyo bila kujua kwamba wanaifanya.

Vilivyofuata vilikuja haraka. Kampuni ya Polar ya Finland ilikuwa imeanza kuuza kipima mapigo ya moyo kisicho na waya tangu 1982. Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS kwa watumiaji wa kiraia, na mwaka 2003 Garmin wakatoa saa za Forerunner zinazopima umbali na kasi ya mkimbiaji. Katika kambi za Iten na Kaptagat nchini Kenya, mazoezi ya kubadilisha mwendo, dakika moja kwa kasi na dakika moja polepole, huongozwa na milio ya saa mikononi mwa wakimbiaji. Saa janja zilizoenea baada ya 2015 huongeza simu, ujumbe na kipimo cha usingizi, na nyingi huhitaji kuchajiwa kila baada ya siku chache.

F-91W ingali inatengenezwa, ikiwa na umbo la 1989, vitufe vilevile vitatu, betri ya miaka saba, na Februari ya siku 28.