Funza Alikuja na Meli

Funza si mwenyeji wa Manyatta. Wala si laana ya ukoo, hata kama huko ushago bado kuna watu wanaonong'ona hivyo. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazili ikafika Ambriz, Angola, ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito. Mchanga ukamwagwa ufuoni, funza akashuka nao. Kutoka hapo alisafiri kwenye nyayo za wapagazi na misafara ya biashara, akavuka Kongo, na kabla karne haijaisha alikuwa ameifikia Bahari ya Hindi.

Wakikuyu, majirani wa Waembu, walikuwa wakilipa rika la waliotahiriwa jina la jambo kubwa la wakati huo. Miaka ya 1890 kuna rika lililoitwa Ndutu, yaani funza. Mdudu mdogo hivyo, na akaingia kwenye kalenda pamoja na njaa na vita!

Mwaka 1906 Waingereza wakaiteka Embu. Vita vya 1914 hadi 1918 vikachukua vijana wa Kenya kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi. Kariokor ya Nairobi bado ina jina lao. Enzi hizo wengi walitembea pekupeku. Viatu vilikuja polepole: akala za tairi, raba za shule, gambuti za kuchumia majani chai. Sakafu za saruji zikaongezeka na funza akarudi nyuma.

Lakini hakuondoka. Alibaki na wale wasioweza kuinama.

Hebu fikiria mguu wa mzee. Kucha zimekuwa nene, kisigino kimepasuka, macho hayaoni vizuri, mgongo umekataa kupinda. Akiwa na kisukari, huenda hata hahisi kitu kikimchoma. Funza jike huishi kwenye vumbi la sakafu ya udongo, huingia kwenye ngozi kando ya kucha au kisiginoni, kisha kwa wiki kama mbili hujaa mayai mpaka anatoshana na punje ya njegere. Wakiwa wengi, mzee huanza kukanyagia ubavu wa wayo ili kukwepa maumivu. Kifundo cha mguu kinachoka, anayumba, anaanguka. Mwishowe haendi sokoni wala kanisani, na kwa sababu anaona aibu, atakuambia ni uzee tu.

Aibu hiyo ndiyo inayomlinda funza. Ukijua aliletwa na meli, ni rahisi kumwambia shosho, "Lete miguu nione," bila yeye kuhisi amehukumiwa.

Kwa hiyo ukifika ushago, beba beseni. Osha miguu kwa maji vuguvugu na sabuni, kausha katikati ya vidole, paka mafuta visigino, kata kucha bila kuchimba pembeni. Angalia nyayo zote mbili. Ukiona funza, usichokoe kwa pini inayozungushwa nyumba nzima. Pepopunda na virusi vya Ukimwi hupitia hapo. Mpeleke kituo cha afya, hasa akiwa na kisukari au kidonda. Mnyunyizie sakafu maji kabla ya kufagia, na mnunulie viatu vilivyofungwa, vyenye nafasi mbele.

Miguu hiyo imepanda miteremko ya Mlima Kenya tangu utotoni. Ina haki ya kuangaliwa na mtu anayeweza kuinama.