Ritifaa, Ngeli na Dirisha la Kompyuta: Kiswahili katika Programu za Windows, kwa Mifano ya Migori na Homa Bay

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika nyanja za sayansi na ufundi imezoeleka kuandikwa kama historia ya istilahi. Tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki mwaka 1930, swali lililotangulizwa kila kilipotokea chombo kipya lilikuwa moja: kitu hiki tukiiteje? Kompyuta nayo ilipokelewa kwa swali hilo hilo. Wako walioridhika na neno kompyuta, wako waliopendekeza ngamizi, na wako, hasa katika shule za Kenya, walioshikilia tarakilishi. Mjadala huo una manufaa yake, wala makala haya hayakusudii kuubeza.

Madhumuni yetu hapa ni kuonyesha kwamba katika programu za kompyuta zinazotumia mfumo wa Windows, upungufu wa maneno haukuwa kikwazo kikubwa cha Kiswahili. Vikwazo vilikuwa katika mambo matatu yaliyoachiwa mafundi peke yao: namna tafsiri inavyosafirishwa pamoja na programu, namna sentensi za programu zinavyoundwa, na namna majina ya watu na mahali yanavyoandikwa. Mifano yetu tunaichukua Migori na Homa Bay, mahali ambapo matatizo haya matatu yanakutana.

2. Mahali na Lugha Zake

Kaunti za Migori na Homa Bay zimetokana na iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, na zilianza kuendesha shughuli zake kama kaunti baada ya uchaguzi wa 2013, kufuatana na Katiba ya Kenya ya 2010. Dholuo ndiyo lugha ya wengi. Kikuria kinazungumzwa upande wa Kehancha na mpakani, na Kisuba, ambacho kimemezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo, kina masalio yake visiwani Mfangano na Rusinga na katika mwambao ulio jirani. Isebania imepakana na Sirari ya Tanzania, na biashara ya hapo inaendeshwa kwa Kiswahili na kwa shilingi za aina mbili.

Jambo la kuzingatia ni hili. Dholuo si lugha ya Kibantu, na haina mfumo wa ngeli kama ule wa Kiswahili, ilhali Kikuria na Kisuba zinao. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ndhiwa na mwanafunzi wa Kehancha hawaanzi safari ya Kiswahili Sanifu mahali pamoja. Ibara ya 7 ya Katiba inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Aidha, inaitaka Serikali kulinda na kukuza lugha nyingine za wananchi. Kompyuta iliyo mezani katika ofisi ya umma ni mojawapo ya mahali ambapo ahadi hiyo hutimizwa au huvunjwa.

3. Kiswahili Kinaingia Dirishani

Windows ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, lakini kuenea kwake hasa kulianza na toleo la 3.0 la mwaka 1990 na lile la 1995. Mwaka 1991 ilitokea lugha ya kuandikia programu iitwayo Visual Basic, ambayo ilimwezesha mtu asiye mtaalamu mkubwa kuunda dirisha lenye vitufe na orodha kwa muda mfupi.

Katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na Windows, Kiswahili kilipewa namba 1089 na alama sw-KE, maana yake Kiswahili cha Kenya. Kiswahili cha Tanzania na cha Uganda vilikuja kuongezwa baadaye sana, navyo havikupewa namba za kudumu. Msomaji anayejua kwamba msingi wa lugha sanifu ulikuwa Kiunguja ataona kinaya kilichomo humo. Wala jambo hilo si la heshima tupu, kwa kuwa alama ya lugha hubeba pia namna ya kuandika tarehe na fedha. Programu iliyoandikwa bila uangalifu, iachiwe kufuata mpangilio wa kompyuta yoyote itakayowekwa, huweza kuonyesha shilingi 500 za Kenya kama shilingi 500 za Tanzania: alama ya fedha hubadilika na tarakimu hubaki ile ile. Mfanyabiashara wa Isebania hahitaji kuelezwa hasara ya kosa hilo.

Mwaka 2004 ndio mwaka wa kukumbukwa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyo huru kwa kila mtu. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza kazi yake ya kutafsiri Windows na Office, ikiwashirikisha wataalamu wa Kiswahili wa Afrika ya Mashariki. Matunda yake yalikuwa kifurushi cha lugha kilichowekwa juu ya Windows XP.

Neno "juu ya" halikutumiwa hapa kwa bahati. Kifurushi hicho hakikuwa Windows ya Kiswahili. Kilikuwa tabaka lililotandazwa juu ya Windows ya Kiingereza, likifunika takriban asilimia 80 ya maandishi yanayoonekana mara kwa mara. Penye tundu, Kiingereza kilichungulia. Na matundu mengi yalikuwa katika maelezo ya hitilafu, yaani pale ambapo mtumiaji ana haja kubwa zaidi ya kuelewa anachoambiwa.

4. Kiswahili Kinachopotea Njiani

Tuje sasa kwenye kikwazo cha kwanza. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa msingi mpya wa kuandikia programu uitwao .NET. Katika utaratibu wake, maneno ya lugha ya asili ya programu hukaa ndani ya faili kuu, na maneno ya kila lugha nyingine huwekwa katika faili lake, ndani ya folda yenye jina la lugha hiyo. Programu inapofunguliwa hutafuta kwanza folda ya sw-KE. Isipoiona hutafuta ya sw, yaani Kiswahili kwa jumla. Na isipoiona hiyo pia, hurudi kwenye lugha ya asili, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza.

Utaratibu huu una hekima yake, kwani programu haisimami kwa sababu ya kukosa tafsiri. Lakini una athari ambayo ni lazima isemwe waziwazi: kurudi huko hufanyika kimyakimya. Mtu akinakili faili kuu peke yake kwa flashi na kulipeleka kwenye kompyuta nyingine, folda ya Kiswahili akaiacha, programu itafunguka bila lawama yoyote, kwa Kiingereza. Halitatokea onyo lolote. Mtumiaji atadhani kwamba programu haikutafsiriwa kamwe, na mfasiri hatajua kamwe kwamba kazi yake iliachwa njiani.

Liko na tatizo la pili lililofungamana na hilo. Windows hutenganisha lugha ya maandishi na mpangilio wa eneo. Lugha ya maandishi huamua maneno ya vitufe. Mpangilio wa eneo huamua tarehe na namba. Mtu aliyechagua Kiswahili cha Kenya katika mpangilio wa eneo, huku Windows yake ikiwa ya Kiingereza, hupata programu inayotaja tarehe kwa Kiswahili katikati ya sentensi za Kiingereza. Wengi hudhani kwamba tafsiri ndiyo mbovu. Tafsiri ni nzima. Ila programu imesoma mpangilio mmoja pale ambapo mtumiaji aliubadilisha mwingine. Dawa ni mwandishi wa programu kumpa mtumiaji nafasi ya kuchagua lugha ndani ya programu yenyewe, na kuhakikisha kwamba chombo cha kusakinishia kinabeba folda zote.

5. Ngeli na Sentensi za Vipande

Kikwazo cha pili ni cha kisarufi. Waandishi wa programu waliolelewa katika Kiingereza huunda sentensi kwa kuunganisha vipande: jina la kitu huchukuliwa mahali pamoja na kitenzi mahali pengine. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja hutosha kwa vitu vyote. Kwa Kiswahili sivyo. Faili imefutwa, faili tano zimefutwa, kitabu kimefutwa, mwanafunzi amefutwa, majina yamefutwa. Mfasiri akipewa kipande kimoja tu, bila kuelezwa kitaungana na nini, hana njia ila kuchagua upatanisho mmoja, na mara nyingi huchagua imefutwa. Ndipo skrini inapotangaza: "Mwanafunzi imefutwa."

Kwa wasomaji wa mwambao kosa hilo litachekesha. Kwa mwalimu wa Homa Bay halichekeshi. Yeye hutumia miaka akimrekebisha mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haikumpa ngeli, asikwelee upatanisho wa i- na zi- katika kila nomino. Kisha mtoto huyo anafika mbele ya kompyuta ya shule, chombo anachokiheshimu, na chombo kinamthibitishia kosa lake. Dawa yake inajulikana: sentensi itafsiriwe nzima, kila ngeli na sentensi yake, umoja na wingi wake, na isiundwe kwa vipande.

Vitufe navyo vina sarufi yake. Katika Windows kila amri huwa na herufi moja iliyopigiwa mstari, ili mtu aifikie kwa kibodi bila kipanya. Tukizitaja amri kwa kitenzi-jina, yaani kufungua, kufunga, kuhifadhi, kuchapisha, zote zinaanza kwa K. Tukizitaja kwa kuamuru, kufungua na kufunga bado zinagongana katika F, U, N, G na A. Herufi ikigongana, Windows huhama tu kutoka amri moja kwenda nyingine bila kuitekeleza. Kwa kuwa Kiswahili Sanifu hakitumii Q wala X, na C haisimami bila H, nafasi ni finyu. Kwa hiyo ugawaji wa herufi hizi hauwezi kufanywa neno kwa neno. Lazima menyu nzima itazamwe kwa pamoja, kama fundi anavyopanga matofali kabla ya kuyajenga.

6. Ritifaa

Kikwazo cha tatu ni kidogo kwa umbo, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Katika Kiswahili na katika Dholuo pia, ng na ng' ni sauti mbili mbalimbali. Ngoa si ng'oa. Rang'we ya Homa Bay huandikwa kwa ritifaa, na majina mengi ya watu wa eneo hili vivyo hivyo. Lakini katika lugha ya hifadhidata ritifaa hutumika kama alama ya kufungua na kufunga maneno. Programu iliyoandikwa kivivu ikiambiwa itafute mtu ambaye jina lake ni 'Ng'ong'a', husoma Ng, ikadhani jina limekwisha, na kinachobaki hakiielewi. Hapo husimama na kutoa hitilafu.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia jambo hilo katika ofisi moja ya eneo hili, ambayo haina haja ya kutajwa. Mama mmoja mwenye jina la namna hiyo alikuwa akiandikishwa. Karani alijaribu mara tatu, kisha akaifuta ritifaa, na programu ikakubali. "Sasa imeingia," akasema. Jina lililoingia halikuwa la mama yule. Aliporudi siku nyingine na kitambulisho chake, programu haikumpata, akaulizwa kama ana hakika kwamba aliandikishwa.

Hata ritifaa ikikubaliwa, hatari haijaisha. Word hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ya binadamu ni alama moja. Kwa kompyuta ni mbili, U+0027 na U+2019 katika orodha ya Unicode. Rang'we iliyochapwa moja kwa moja na Rang’we iliyonakiliwa kutoka Word huwa mahali pawili, na hesabu ya watu wa Rang'we hugawanyika. Dawa ni mbili: programu ipeleke jina kwenye hifadhidata kama data, lisishonwe ndani ya amri, na alama zote za ritifaa zigeuzwe kuwa moja kabla jina halijahifadhiwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba maneno yalipatikana, na kwa haraka ya kusifika. Kilichokosekana ni mtaalamu wa lugha kuketi karibu na mwandishi wa programu wakati sentensi zinapoundwa, badala ya kuletewa orodha ya maneno baada ya kazi kwisha. Leo kuna Chuo Kikuu cha Rongo katika Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya katika Homa Bay. Pendekezo letu ni kwamba idara za lugha ziwe na zoezi moja la kila mwaka: kuchukua programu inayotumika katika ofisi au shule ya jirani, kuifungua kwa Kiswahili, kuijaribu kwa ngeli zote, na kuandikisha ndani yake jina lenye ng'. Programu ikishindwa kuandika jina la mwenyeji wake, tafsiri ya vitufe vyake haijamfaa kitu.