Abiria wanapokwama juu: teleferike na treni za Disney World zinaposimama

Usiku wa siku ya posho, tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 2019, teleferike mpya ya Disney World, katika jimbo la Florida kule Marekani, ilisimama ghafula na watu ndani. Ilikuwa haijatimiza hata siku 7 tangu ianze kubeba abiria. Vijumba vyake, vinavyoitwa kabini, vilibaki vikining'inia kwenye kamba ya chuma, giza likiwa limeingia. Wamoja kati ya abiria walikaa humo zaidi ya masaa 3. Walikuwamo watoto, na walikuwamo watu wenye kuogopa kuwa juu.

Hakuna kabini iliyoanguka, hakuna mtu aliyekufa. Kwa fundi, hiyo ni habari njema: mashini iliona kasoro, ikasimama, kama ilivyotengenezwa kufanya. Kwa mtu aliyekuwa ndani ni habari ingine. Hakujua kama atashuka kiisha dakika 5 ao asubuhi. Kusimamisha mashini ni kazi ya sekunde chache. Kushusha watu ni kazi ya masaa, na kama kazi hiyo ya pili haikutayarishwa mbele, ni abiria ndiye anayeilipa.

Si mchezo, ni usafiri

Wengi wakisikia jina la Disney wanawaza filamu za watoto. Disney World ni kitu kingine. Ilifunguliwa tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 1971, karibu na mji wa Orlando, na eneo lake linapita kilomita za mraba 100. Ni kubwa kuliko mji wa Bukavu. Ndani kuko parke kubwa 4 za michezo, hoteli nyingi, maziwa na barabara zake. Mtu hawezi kutoka hoteli hadi parke kwa mguu, mtoto mgongoni, chini ya jua la Florida. Njo maana kampuni imeweka bisi, mashua, treni inayotembea juu ya reli moja, inayoitwa monorail, na tangu mwaka 2019 teleferike hiyo, inayoitwa Skyliner.

Tofauti na michezo ya parke ni kubwa. Anayepanda mchezo wa kuzunguka na kupinduka amejitayarisha kuogopa, tena mchezo wenyewe unachukua dakika chache tu. Anayepanda teleferike anataka kufika. Mara nyingi amechoka, mtoto amelala, chupa ya maji imekwisha, na choo atakitafuta hotelini. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekwama.

Habari hizi haziko mbali sana na huku kwetu. Katika miaka ya mbele ya 2025, Congo ilikuwa kati ya inchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na familia nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika zina ndugu kule. Si ajabu siku moja picha ya kabini ya rangi ikaingia kwenye simu, na mama mkubwa akauliza: kitu hicho kikikatika njiani, inakuwa namna gani?

Kamba moja kwa watu wote

Skyliner ilijengwa na Doppelmayr, kampuni ya Austria inayojulikana sana kwa teleferike za milimani. Ina kabini karibu 300, na moja inaweza kubeba watu 10. Njia zake 3 zinakutana kwenye hoteli ya Caribbean Beach. Kamba ya chuma inazunguka bila kusimama, kama mkanda wa mashini ya kusaga unga. Kabini inaishika kamba hiyo kwa koleo lenye nguvu. Ikifika kituoni, koleo linafunguka, kabini inaacha kamba na kutembea polepole ikisukumwa na magurudumu ya mpira. Watu wanashuka, wengine wanapanda. Kiisha magurudumu mengine yanaiongeza mwendo mpaka ulingane na ule wa kamba, koleo linashika tena, safari inaendelea. Muda wote huo kamba yenyewe haikusimama.

Ni ufundi mzuri, lakini unadai mpangilio. Kabini moja ikichelewa kutoka kituoni, ile ya nyuma yake inakuja tu. Usiku ule wa mwaka 2019, picha zilizochukuliwa na abiria zilionyesha kabini zimesongamana kwenye kituo cha Riviera, kwenye njia inayoenda Epcot, moja imeegemea ingine. Na kwa sababu kabini nyingi zinashika kamba moja, kasoro ya kituo kimoja inamkwamisha hata yule aliye mbali, juu ya miti, ambaye kabini yake haina ubaya wowote.

Watu wa hapa, waliozoea umeme kukatika, watauliza kwanza kuhusu jenereta. Wana haki. Teleferike za kisasa huwa na motere ya akiba, mara nyingi ya mazuti, yenye nguvu ya kuzungusha kamba polepole mpaka kila kabini ifike kituoni. New York waliona kwa uchungu maana ya akiba hiyo: tarehe 18 mwezi wa 4 mwaka 2006, umeme wa teleferike ya Roosevelt Island ulikatika, na akiba nayo ikakataa. Watu 69 walikwama katika kabini 2 juu ya mto wa East River na maeneo yake, na wa mwisho walishuka kiisha karibu masaa 11. Ile haikuwa teleferike ya parke, ilikuwa ya wakaaji wanaokwenda kazi.

Lakini motere ya akiba inasaidia tu kama njia iko wazi. Kabini zikiwa zimesongamana kituoni, kuzungusha kamba ni kuongeza kugongana. Lazima kwanza mafundi wazitoe zile zilizoziba, mojamoja, wakagundue nini kimeharibika, ndipo waruhusu kamba itembee. Wakati huo abiria anangoja.

Namna tatu za kushuka

Kamyo ikikwama kwenye matope ya barabara ya Walikale, abiria anashuka, anatafuta kivuli, anapika, ao anaendelea kwa mguu. Shida ni kubwa, lakini miguu yake iko chini na uamuzi ni wake. Kwenye kabini mlango unafungwa na mashini, na hata ukifunguka, chini ni hewa tupu. Kushuka kwake kuko mikononi mwa wengine.

Namna ya kwanza ni kutengeneza na kungoja. Ndiyo inayotumika mara nyingi zaidi, na ndiyo yenye hatari ndogo zaidi. Ya pili ni gari la zimamoto lenye mkono mrefu na kikapu. Ya tatu ni kamba: mwokoaji anaifikia kabini, anamvalisha abiria mikanda, anamshusha taratibu. Disney World, zimamoto walitumia gari lenye kikapu kushusha wamoja wao usiku ule, na wengi wengine walibaki mpaka kabini zilipoweza kufikishwa vituoni.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Tuseme kabini moja inataka dakika 15 za kazi ya kikapu, na kabini zenye watu ni 40. Gari moja litamaliza kiisha masaa 10. Tena gari linahitaji ardhi ngumu chini yake, na njia ya Skyliner inapita pia juu ya maji, kwa mfano ziwa la Hourglass. Kwa hiyo mkubwa wa kazi anayesema "tungoje kidogo, mafundi wanakaribia kumaliza" si lazima awe mzembe. Lakini lazima awe na saa: ikifika muda fulani, kungoja kukome na kushusha kuanze. Bila saa hiyo, "kidogo" inakuwa usiku mzima.

Parke zingine za Marekani zimejaribu namna ya tatu. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2016, katika parke ya Knott's Berry Farm huko California, chumba kinachopanda mnara na kuzunguka ili watu watazame mji kilikwama kikiwa na watu 21, watoto wakiwamo. Zimamoto waliwashusha kwa kamba, mmoja kiisha mwingine, na toka kukwama hadi mtu wa mwisho kukanyaga chini yalipita masaa zaidi ya 7. Tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2019, katika parke ya SeaWorld ya San Diego, upepo mkali ulisimamisha teleferike ndogo inayopita juu ya maji ya Mission Bay. Watu 16, pamoja na mtoto mchanga, walishushwa kwa kamba usiku, kwenye baridi, mpaka ndani ya mashua zilizokuwa zinangoja chini. Pale maji hayakuwa kizuizi, kwa sababu mashua zilikuwamo ndani ya mpango.

Treni iliyofundisha kwa moto

Monorail ya Disney World inatembea juu ya boriti ya beton, sehemu nyingi ikiwa juu sana kutoka chini, na inakula umeme unaopita kwenye boriti hiyohiyo. Umeme ukipotea, ao treni ikiharibika, kuna trakta maalum ya mazuti inayokuja juu ya boriti na kuivuta hadi kituoni. Ikishindikana, zimamoto wanaleta ngazi.

Mwaka 1985 mambo hayakuwa hivyo. Gari la nyuma la treni moja iliyotoka Epcot lilishika moto njiani. Wakati ule treni hizo hazikuwa na chombo cha kutambua moto wala milango ya dharura. Abiria walipiga vioo vya madirisha kwa miguu, wakatoka nje na kupanda juu ya paa la treni, na ni pale zimamoto waliwakuta. Kiisha hapo ndipo milango ya dharura, vyombo vya kutambua moto na mipango ya kuokoa vilipoingia. Inasikitisha kwamba mtu alilazimika kuvunja dirisha ili mlango ufikiriwe, lakini katika usafiri wa watu wengi jambo hili linajirudia, Marekani kama mahali pengine.

Ndani ya kabini

Kabini za Skyliner hazina mashini ya kuleta baridi. Zina nafasi za kupitisha hewa, na hewa hiyo inaletwa zaidi na mwendo wenyewe. Kabini ikisimama, upepo unapungua, na Florida hata katika mwezi wa 10 kuna joto. Kuna sanduku la dharura lenye vitu kama maji ya kunywa. Choo hakuna, na hakuna namna kiwepo. Usiku ule wamoja wa abiria walipiga namba ya dharura, 911, wakieleza kwamba kuna waliopatwa na hofu kali.

Jambo moja lingepunguza hofu hiyo bila gharama kubwa: sauti ya mtu. Kuwaambia watu kwamba njia imesimama, kwamba inajulikana wako wapi, na kwamba watasikia tena kiisha dakika 10 hata kama hakuna jipya. Tangazo lililorekodiwa, lenye kurudia maneno yaleyale ya kuomba uvumilivu, linachosha, na likirudiwa mara nyingi linaanza kusikika kama uongo. Teleferike ilifungwa, na iliporudi kazini tarehe 14 mwezi wa 10, Disney ilisema imerekebisha namna ya kuendesha, mafundisho ya wafanyakazi, na namna ya kuzungumza na abiria wakiwa safarini. Hilo la mwisho kutajwa waziwazi linaonyesha malalamiko yalisikika.

Kwa ndugu aliye kule na anayetaka kupanda, mashauri ni ya kawaida. Choo kwanza, hasa kwa watoto. Chupa ya maji mkononi, simu yenye chaji. Dawa ya lazima isibaki hotelini. Kabini ikisimama, kwa kawaida ni kwa muda mfupi: mara nyingi wanapunguza ao kusimamisha mwendo ili mtu fulani apande vizuri. Ikizidi, asilazimishe mlango na asitikise kabini. Afungue sanduku, agawe maji, atazame namba ya kabini, kwa sababu akipiga simu ndiyo ataulizwa. Mwenye hofu kali akae chini, atazame mbali badala ya kutazama chini.

Kwenye vituo vingi, anayetumia kiti cha magurudumu anapandishwa mahali pa pembeni, ambapo kabini inasimama kabisa bila kuzuia zingine. Kushuka kwake kwa dharura ni jambo lingine, kwa hiyo ni vema aulize wafanyakazi kituoni, mbele ya kupanda, anashushwa namna gani. Na radi zikikaribia, jambo la kawaida sana Florida wakati wa mchana wa majira ya joto, Skyliner inaacha kupokea watu. Kabini zinarudishwa zikiwa tupu, na abiria wanaelekezwa kwenye bisi.