Picha ya Malkia na Nguo Nyeupe ya Arusi

Msafara wa arusi ukipita mjini Babati, matarumbeta mbele na magari nyuma, kila mtu humtafuta bibi arusi kwa macho, naye hujulikana mara kwa nguo yake nyeupe. Wengi wetu twadhani kwamba weupe huo ni sheria ya dini, au ni desturi ya Wazungu tangu kale. Sivyo. Na tuitazame picha moja ya rangi za maji, tupate kujua habari yake.

Aliyeichora ni Malkia Victoria wa Uingereza mwenyewe, alipokuwa akijitayarisha kuolewa na Prince Albert. Alionyesha humo nguo watakazovaa wasichana wa kumsindikiza: nyeupe, zilizopambwa kwa mawaridi. Wasichana hao walikuwa 12, na kazi yao ilikuwa kuuchukua mkia mrefu wa nguo ya Malkia.

Arusi ilifanyika London tarehe 10 Februari 1840. Asubuhi mvua ilinyesha, lakini watu walijaa njiani kumwona Malkia akitoka jumba la Buckingham kwenda kanisa la jumba la St James's. Zamani mabibi arusi wa kifalme walizoea nguo zilizotiwa nyuzi za fedha. Hivyo ndivyo alivyovaa Princess Charlotte mwaka 1816. Victoria aliziacha. Alivaa hariri nyeupe na lesi ya Honiton, na kichwani, badala ya taji, shada la maua ya mchungwa.

Kwa nini lesi hiyo? Kwa sababu mashine zilikuwa zikitoa lesi rahisi, na wanawake wa Devon walioifuma kwa mikono walikuwa wakikosa riziki. Malkia aliwapa kazi. Picha za arusi yake zikachapwa na kuenea, na matajiri wakamwiga. Lakini kwa miaka mingi baadaye mabibi arusi wa kawaida, hata huko Uingereza, waliolewa katika nguo yao iliyo bora, ya rangi yo yote, wapate kuivaa tena. Malkia naye aliitunza lesi yake, akaivaa tena mara nyingi.

Nasi tusisahau kwamba wanawake wa Kiiraqw walikuwa na vazi lao la heshima, sketi ya ngozi iliyoshonewa shanga kwa mkono, kazi ya subira kama lesi ile.

Basi, atakaye nguo nyeupe na aivae. Ni nguo nzuri. Lakini wazazi wasiuze ng'ombe wa maziwa wala kuingia katika deni kwa kuogopa kwamba ndoa haitimii bila hiyo. Weupe ule ulikuwa hiari ya msichana mmoja wa miaka 20, aliyechagua nguo yake na kuwakumbuka mafundi wa nchi yake. Tukitaka kumwiga, tumwige katika hilo pia.