Nani Kakuruhusu Upendeze?

Siku hizi kambini kuna kesi moja inasikilizwa kila mahali: kwenye kibanda cha kuchaji simu, kwenye foleni ya maji, mpaka kwenye vikao vya wazazi. Kijana kapata hela kidogo, labda kafyatua matofali, labda katumiwa na shangazi yake aliyeko ughaibuni, halafu yote kaitia kwenye gemu. Kanunua almasi za Free Fire, na kwa almasi hizo kamvalisha mtu wake wa kwenye simu koti jipya. Koti lenyewe halishikiki, na baridi halizuii. Basi watu wanakata hukumu: "Yeye viatu hana, lakini mtu wake wa kwenye simu anavyo!"

Ndugu msomaji, hukumu hiyo ina historia, tena ni ndefu kuliko ya simu.

Tuanze na gemu zenyewe. Mwezi wa nne mwaka 2006, kampuni ya Bethesda ya Marekani ilianza kuuza deraya ya farasi katika gemu yake ya Oblivion, kwa dola 2 na senti 50. Wachezaji walicheka sana. Nani atoe hela kumvalisha farasi asiyekuwepo? Hata hivyo walipatikana wanunuzi. Mwaka 2009 kampuni ya Valve ilileta kofia katika Team Fortress 2. Mwaka 2017 Epic Games ilitoa mchezo wa vita wa Fortnite bure kabisa, ikatafuta fedha kwa kuuza mavazi ambayo hayamwongezei mchezaji nguvu yoyote. Mwaka huohuo ikatoka Free Fire ya Garena, kampuni ya Singapore, iliyotengenezwa ichezeke hata kwenye simu za bei nafuu. Ndiyo maana imefika mpaka kwenye mahema yetu.

Kwa nini watu wananunua? Ndani ya gemu unakutana na wageni kwa makumi, hakuna anayeona uso wako wala kujua jina la baba yako. Wanachokiona ni vazi. Asiyenunua anabaki na nguo ya bure, ile ya kila mgeni.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1363, enzi za mfalme Edward III, Uingereza ilipitisha sheria iliyopanga kila tabaka livae nini. Mtumishi alipangiwa mpaka bei ya kitambaa chake. Mwaka 1740, South Carolina, iliyokuwa koloni la Waingereza huko Amerika, ilitunga sheria iliyotaja vitambaa duni ambavyo mtumwa aliruhusiwa kuvaa, na askari wakapewa ruhusa ya kumnyang'anya akionekana na kizuri zaidi. Sababu waliiandika humohumo: eti watumwa wengi wanavaa kupita hadhi yao, na wanapata nguo hizo kwa njia mbaya. Yaani swali letu la leo, "hela kaitoa wapi?", wenye watumwa walishaliweka kwenye sheria.

Karibu na kwetu, tazama Unguja. Wakati wa utumwa, mtumwa alijulikana kwa nguo kabla hajafungua mdomo. Alivaa merikani, kile kitambaa kigumu kisicho na rangi, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana, na mwanamke mtumwa hakutakiwa kujifunika kichwa kama bibi yake. Mwezi wa nne mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, aliondoa utumwa katika sheria, ingawa masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909.

Watu hawa walipoanza kushika ujira wao wenyewe, wa kuchuma karafuu, wa kufua, wa kuchota maji, walinunua nini? Chakula, ndiyo. Lakini pia walinunua kanga. Wanaume wakanunua kanzu na kofia. Baadaye wanawake wa Ng'ambo wakavaa na buibui, vazi lililoanzia kwa wenye vyeo. Ukihesabu kwa senti tu, utasema ni hasara, maana ile kaniki ya jana ilikuwa bado nzima. Lakini mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kuhusu Unguja ya miaka hiyo, anaonyesha kwamba nguo ndiyo ilikuwa njia ya watu hao kutangaza kuwa wao si mali ya mtu tena. Kanga haikumwongezea mama shibe. Ilimwezesha kupita njiani bila ya kuitwa mtumwa.

Ndugu zetu wa Kongo wana mfano wa karibu zaidi. Miaka ya 1970 Mobutu alipiga marufuku suti na tai, akawataka wanaume wavae abakosti, jina linalotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti ichini". Tai iliruhusiwa tena mwaka 1990. Katikati ya hapo vijana wa Sape, wa Kinshasa na Brazzaville, na Papa Wemba akiwa mbele yao, walihangaika kupata suti za Ulaya, wengi wao hata kazi ya maana hawana. Waliitwa wapuuzi. Lakini serikali iliyowachagulia mpaka kola ya shati iliwaelewa vizuri sana.

Na sisi je? Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula huko Kakuma. Hela iliingia kwenye simu, lakini ilinunua chakula tu, kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Mpango ulisaidia, mtu aliweza kuchagua anachopika. Ila ukuta ulibaki, na nyuma ya kuta za namna hiyo mara nyingi kuna hofu ya zamani: ukimpa maskini pesa taslimu ataimalizia kwenye pombe. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti kutoka nchi nyingi kuhusu hofu hiyo. Matokeo kwa ujumla: wanaopewa pesa hawaongezi matumizi ya pombe na tumbaku.

Sisemi kijana asiulizwe kitu. Akichukua hela ya mgao ya mama yake, huo ni wizi, hata kama kanunua nyama. Na kampuni nazo ziulizwe. Mwaka 2018 Ubelgiji ilisema baadhi ya masanduku ya bahati yanayouzwa kwenye gemu ni kamari. Mwezi wa 12 mwaka 2022 Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 520 huko Marekani, na milioni 245 kati ya hizo ni za kuwarudishia watu waliofanyiwa ujanja wa vitufe wakajikuta wamenunua. Watoto wa huko nao walinaswa, na hakuna aliyesema ni kwa sababu hawajazoea pesa.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho, wazazi wangu na ndugu zangu wa mashirika, tuulize mambo matatu. Hela ilikuwa ya nani? Alijua bei yake kwa shilingi, au aliona almasi tu? Kuna mtu nyumbani amelala njaa kwa ajili hiyo? Majibu yakiwa mazuri, tumwache. Shati alilovaa mwilini alipewa kwenye mgao, hakuulizwa anapenda rangi gani. Lile koti la kwenye simu kachagua mwenyewe.