Mlo kamili

Mlo kamili ni mlo unaochanganya vyakula vya makundi mbalimbali kwa kiasi kinachotosheleza mahitaji ya mwili. Kushiba pekee hakutoshi: mtu anaweza kula hadi kushiba kila siku na bado akapatwa na utapiamlo, kwa kuwa hakuna chakula kimoja chenye virutubishi vyote. Maziwa ya mama humtosha mtoto bila chakula kingine, lakini kwa miezi 6 ya kwanza tu.

Makundi ya vyakula

Nchini Tanzania ilizoeleka kufundisha makundi matano:

- Nafaka, mizizi na ndizi za kupika, k.mf. mahindi, mchele, mtama, mihogo na viazi. Hutoa hasa wanga, unaoupa mwili nguvu.
- Vyakula vya jamii ya kunde na vya asili ya wanyama, k.mf. maharage, choroko, dagaa, nyama, mayai na maziwa. Hutoa protini za kujenga mwili.
- Mboga za majani, k.mf. mchicha, matembele na kisamvu. Hutoa vitamini na madini.
- Matunda, k.mf. maembe, mapapai, mapera na machungwa.
- Mafuta, sukari na asali, ambavyo vinahitajika kwa kiasi kidogo.

Maji hayamo katika makundi hayo, lakini ni ya lazima.

Sababu za kuchanganya

Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ilhali maharage yana lisini nyingi lakini methionini kidogo. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Kwa hiyo makande (nchini Kenya: githeri) yana lishe bora kuliko ugali mtupu. Vilevile vitamini C ya matunda husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika mboga na maharage, kumbe chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia ufyonzaji huo. Vitamini A ya mboga hufyonzwa vizuri zaidi pakiwa na mafuta kidogo.

Historia

Mwaka 1747 James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliwapa mabaharia 12 wenye kiseyeye tiba sita tofauti, wawili wawili. Waliokula machungwa na malimau walipona haraka kuliko wengine.

Kuanzia mwaka 1914 Joseph Goldberger alichunguza pelagra kusini mwa Marekani, akaonyesha kwamba haikuwa ugonjwa wa kuambukiza bali ilitokana na umaskini wa mlo, hasa wa watu walioishi kwa kutegemea mahindi. Mwaka 1937 niasini (vitamini B3) ilitambuliwa kuwa kirutubishi kilichokosekana.

Madhara ya mlo usio kamili

Watoto wanaolishwa uji mtupu wamo hatarini kupata udumavu na kwashakoo. Ukosefu wa chuma huleta upungufu wa damu, ule wa vitamini A huweza kuleta upofu, na ule wa madini joto huvimbisha tezi ya shingo. Kwa upande mwingine, sukari, chumvi na mafuta kupita kiasi huchangia unene, kisukari na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi chini ya gramu 5.

Mlo kamili si lazima uwe wa gharama kubwa. Ugali, dagaa, mchicha uliopikwa kwa mafuta kidogo na kipande cha papai vinagusa makundi yote matano.