Vitabu Vinne vya Ushairi wa Waanglo-Saksoni

Baada ya utawala wa Roma kukoma nchini Britania mwanzoni mwa karne ya 5, makabila ya Kijerumani kutoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, hasa Waangli, Wasaksoni na Wajuti, yalihamia kisiwani humo na kuunda falme ndogondogo, ambazo lugha yao wanaisimu huiita Kiingereza cha Kale. Ushairi wa lugha hiyo uliimbwa na kupokezanwa kwa mdomo. Uandishi wa vitabu ulikuja na Ukristo, uliofikishwa Kent mwaka 597 na mmonaki Augustino, na kwa kuwa wamonaki walisali na kusoma kwa Kilatini, tungo za lugha ya nyumbani zilinakiliwa kwa nadra, tena juu ya ngozi za wanyama zilizokuwa ghali.

Mshororo wa ushairi huo hugawanyika vipande viwili, mithili ya ukwapi na utao, ila haufuati vina wala idadi maalumu ya mizani. Kinachoviunganisha vipande hivyo ni takriri, yaani kurudiwa kwa sauti ileile mwanzoni mwa silabi zenye mkazo, mbinu iliyomsaidia mwimbaji kukumbuka na msikilizaji kufuata.

Mishororo iliyosalia ni takriban 30,000, na sehemu kubwa imo katika vitabu vinne tu, vilivyoko Vercelli nchini Italia, Oxford, Exeter na London. Kile cha Exeter, ambacho Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, aliliachia kanisa lake kuu, kina makovu ya kisu katika kurasa za mwanzo na tundu la moto lililopenya kurasa za mwisho. Hata hivyo kimehifadhi vitendawili zaidi ya 90, vinavyofumba vitu kama barafu, samaki mtoni na kitabu chenyewe, pasipo majibu kuandikwa. Ni humo, pengine kuliko penginepo, ambamo maisha ya kila siku ya Waanglo-Saksoni yanaonekana kwa karibu.

Cha London kina Beowulf, utenzi wa mishororo 3,182 kuhusu shujaa wa Wageati anayeliua jitu Grendel na mama yake huko Denmark, kisha uzeeni akafa akipigana na joka. Umezoeleka kuitwa utenzi wa taifa la Waingereza, sifa iliyo nzito mno kwa kazi iliyosalia katika nakala moja na ambayo matukio yake makuu hutokea Skandinavia. Mwaka 1731 nyumba ya Ashburnham, ilimohifadhiwa nakala hiyo, iliungua. Kitabu kiliokolewa, lakini kingo zake zilizobabuka ziliendelea kumomonyoka, herufi baada ya herufi, hadi kurasa zilipowekwa katika fremu za karatasi mwaka 1845. Nyingi ya herufi zilizopotea zinajulikana leo kwa sababu Grímur Thorkelin, msomi kutoka Iceland, alikuwa ameshapata nakala mbili katika miaka ya 1780, moja akiiandika kwa mkono wake.

Moto huohuo uliteketeza nakala pekee ya shairi la vita vya Maldon vya mwaka 991, ambayo tayari ilikuwa imepoteza mwanzo na mwisho wake. Linasomwa hadi sasa kutokana na nakala ya mkono iliyotolewa miaka michache kabla ya nyumba kuungua.